Gari la kulala la mgeni linauzwa bei poa: ushuru wake atalipa nani?

Tangazo lenyewe huwa fupi. Kuna picha nne au tano za vani iliyoegeshwa chini ya mti, mlango wa pembeni umeachwa wazi ili uone kitanda, jiko la plati mbili, kabati za mbao na friji ndogo. Juu ya paa kuna paneli ya sola. Maelezo hayazidi mistari mitatu: mwenyewe anarudi kwao, anauza haraka, bei inazungumzika. Ukizitazama vizuri namba za gari, ni za Ujerumani, Uholanzi au Afrika Kusini.

Kwa sisi tunaoishi Arusha, matangazo ya namna hii si mageni. Yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya madalali na kwenye kuta za hosteli wanakofikia wasafiri, na kila yanapozunguka swali la wasikilizaji wetu huwa lile lile: je, ni halali kununua? Jibu fupi ni kwamba inawezekana, lakini bei iliyoandikwa kwenye tangazo siyo bei ya gari. Ni bei ya gari ambalo halijalipiwa ushuru, na ushuru wenyewe unaweza kuizidi bei hiyo. Mtu anayedhani ameokota dodo chini ya mnazi anaweza kujikuta ana deni la serikali lenye magurudumu manne.

Magari haya yanatoka wapi

Magari ya kulala ndani yapo ya aina mbili. Yapo yaliyotoka kiwandani yakiwa hivyo, na yapo yaliyotengenezwa na mwenyewe nyumbani. Haya ya pili ndiyo tunayoyaona zaidi hapa. Mtu ananunua vani iliyokwisha kutumika, mara nyingi gari la kusambaza mizigo au la fundi bomba, kama vile Volkswagen Transporter, Mercedes-Benz Sprinter au Fiat Ducato. Anang'oa kila kilicho nyuma, anaziba kuta dhidi ya baridi, anapiga mbao, anaweka kitanda, tangi la maji, betri ya pili na nyaya zake. Kwa wengine ni kazi ya wikiendi chache, kwa wengine ni ya mwaka mzima. Huko Ulaya shughuli hii ilipamba moto kuanzia 2020, wakati ugonjwa wa corona ulipozuia ndege na kufunga hoteli, na watu wakagundua kwamba chumba chenye injini hakihitaji kuwekewa nafasi.

Baadhi yao huyafikisha magari hayo mbali sana. Njia ya kutoka Cairo hadi Cape Town inapita hapa kwetu, na Mnara wa Saa wa katikati ya mji husifiwa kuwa ndiyo nusu ya safari hiyo (wenye ramani na rula wabishane wenyewe). Wengine huanzia kusini. Wananunua gari Afrika Kusini, ambako usukani uko kulia kama kwetu, kisha wanapandisha kupitia Botswana na Zambia hadi Tunduma.

Wanapofika Arusha wengi wameshakaa barabarani kwa miezi. Akiba imepungua. Springi zimekatika kwenye makorongo ya njia ya Ziwa Natron. Wawili walioanza safari pamoja hawaongei tena, jambo linalotokea mara nyingi kuliko picha zao za mitandaoni zinavyoonyesha. Kulirudisha gari kwa meli kutoka Dar es Salaam au Mombasa ni gharama inayoweza kukaribia thamani ya gari lenyewe, hasa likiwa kuukuu. Kuliuza hapa hapa na kupanda ndege pale KIA kunaonekana ndiyo njia nyepesi.

Lilipita mpakani kwa ahadi ya kutoka

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo lote. Gari lenye namba za nje likipita Namanga, Holili au Tunduma, halilipiwi ushuru wa kuingiza bidhaa nchini. Haliingizwi kama bidhaa. Linaruhusiwa kwa muda, kwa sharti kwamba litatoka.

Sharti hilo lipo kwenye sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jumuiya. Kifungu cha 117 kinasema kitu kilichoingizwa kwa matumizi ya muda kinasamehewa ushuru mradi kitolewe ndani ya kipindi kilichowekwa na forodha, na kipindi hicho hakiwezi kuzidi miezi 12 tangu siku ya kuingia. Kibali ambacho msafiri hupewa mpakani mara nyingi ni cha muda mfupi zaidi ya huo, na tarehe ya mwisho huandikwa juu yake.

Wengine badala ya kibali cha mpakani hutumia kitabu maalum cha forodha kinachotolewa na vyama vya wenye magari vya kwao, kama ADAC ya Ujerumani au AA ya Afrika Kusini. Kila ukurasa wa kitabu hicho unagongwa muhuri gari linapoingia nchi fulani na tena linapotoka. Mwenye gari huwa ameweka dhamana ya fedha kwa chama hicho. Muhuri wa kutoka ukikosekana, forodha ya nchi husika inaweza kukidai chama ushuru wote, na chama kitamgeukia aliyeweka dhamana. Kwa hiyo muuzaji mwenye kitabu ana sababu yake mwenyewe ya kutaka mambo yamalizwe vizuri. Mwenye kibali cha karatasi tu, ambaye tiketi yake ya ndege ni ya Jumamosi, hana kinachombana kiasi hicho.

Kibali ni cha mtu aliyeingiza gari. Hakihami pamoja na ufunguo. Siku Mtanzania anapolipa fedha na kukabidhiwa vani, gari hilo linakuwa limevunja sharti lililoliingiza nchini, hata kama tarehe ya kibali bado haijafika. Sheria inaipa forodha mamlaka ya kulikamata. Aliyevunja sharti kwanza ni muuzaji, lakini muuzaji yuko angani. Gari liko kwako.

Dalali naye hasemi uongo moja kwa moja. "Mkuu, kadi ipo, tena orijino," atakwambia, na kadi kweli ipo. Ni ya Ujerumani. Mkataba pia unaweza kuwepo, umegongwa muhuri wa wakili, una picha za pasipoti na saini mbili. Mkataba huo unathibitisha kwamba mlikubaliana. Hauthibitishi kwamba ushuru umelipwa, wala hauwezi kuibadilisha kadi ya Ujerumani kuwa kadi ya TRA.

Hesabu yake ikoje

Tuseme thamani ya vani kwa hesabu ya forodha ni shilingi milioni 20. Nasema thamani kwa hesabu ya forodha kwa sababu TRA hailazimiki kuchukua bei mliyoiandika kwenye karatasi yenu. Kwa magari yaliyotumika ina kanzidata yake ya thamani, kwa kufuata aina ya gari, mwaka na injini. Mkiandika milioni 5 ili kupunguza kodi, mtakuwa mmejisumbua bure na mmeongeza kosa jingine.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Hiyo ni milioni 5, jumla inakuwa milioni 25. Injini ikizidi sisi 2000, kama zilivyo nyingi za vani hizi, kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 juu ya jumla hiyo, yaani milioni 2.5. Kisha inakuja ile ambayo wengi huisahau, ada ya uchakavu. Kwa gari la abiria lililozidi miaka 10 tangu kutengenezwa, kiwango chake ni asilimia 30, ambayo hapa ni milioni 7.5. Sasa tumefika milioni 35. Juu ya hapo inakaa VAT ya asilimia 18, milioni 6.3. Ukijumlisha kodi peke yake unapata shilingi milioni 21.3 kwa gari la milioni 20, na bado hujagusa tozo ya reli, malipo ya wakala wa forodha na usajili wa namba mpya.

Huu ni mfano wa kuonyesha njia. Viwango hubadilika kila Sheria ya Fedha inapopitishwa baada ya bajeti ya Juni, na TRA ina kikokotoo kwenye tovuti yake ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia kwa simu kabla ya kwenda kuangalia gari.

Kuna jambo jingine dogo lenye uzito. Vani iliyotoka kiwandani ni gari la mizigo, na magari ya mizigo yana viwango vyake. Ukishaweka kitanda na jiko, linaweza kuhama kundi. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa ambayo forodha zote hutumia, magari ya kulala yako chini ya kichwa namba 8703, pamoja na magari ya kubeba watu. Majirani zake kwenye orodha hiyo ni magari ya wagonjwa, karandinga za wafungwa na magari ya maiti. Kwa maneno mengine, zile mbao alizozipigilia mgeni kwa mikono yake zinaweza kuathiri kodi utakayotozwa wewe. Wakala mzuri wa forodha ataliuliza hilo mapema na kutaka picha za ndani. Wakala anayekwambia "niachie mimi" bila kuangalia ndani, mwache.

Mipaka ya jirani haifanani

Watu wa hapa hupenda kusema kwamba kikikwama Tanzania kitapita Kenya. Kwa magari haya mara nyingi ni kinyume chake.

Kenya haisajili gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 tangu kutengenezwa likiingizwa kutoka nje. Pia haisajili gari lenye usukani wa kushoto, isipokuwa yale ya kazi maalum kama ya zimamoto au ya wagonjwa. Vani ya Kijerumani ya mwaka 2004 inagonga ukuta mara mbili hapo. Mwenye nayo anaweza kutembelea Maasai Mara kwa kibali chake cha muda bila wasiwasi, ila kulisajili gari hilo kwa jina la Mkenya hawezi, hata awe tayari kulipa ushuru wote. Uganda nayo tangu 2018 imezuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, na yaliyo chini ya hapo lakini ya umri mkubwa hutozwa tozo ya mazingira.

Tanzania haikuzuia umri. Iliamua kuutoza. Ndiyo maana magari haya huishia kutangazwa huku zaidi, na ndiyo maana ada ya uchakavu inauma. Kuhusu usukani wa kushoto, ushauri wangu ni kwamba swali hilo lipelekwe TRA na kwa polisi wa usalama barabarani kabla ya shilingi yoyote kutoka mfukoni, na majibu yapatikane kwa maandishi. Hata likikubaliwa, fikiria kulipita lori kwenye kona za Kitonga huku dereva amekaa upande wa mtaro. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara, na kule usukani wa kushoto ndio unaokaa mahali pake. Msafiri mwenye vani ya Ulaya ambaye bado ana mafuta na subira anaweza kupata mnunuzi mwenye kulihitaji hasa upande huo kuliko hapa, kwa kufuata ushuru wa huko.

Euro mkononi

Muuzaji wa nje hufikiri kwa euro au dola, na matangazo mengi huandikwa hivyo. Tangu Machi 2025 hilo nalo ni tatizo. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotolewa mwaka huo zinakataza kutangaza bei, kudai au kulipa kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Zina misamaha yake, lakini sikuona humo msamaha wa mtu anayeuza gari lake kwa sababu amechoka na safari.

Kinachofanyika kienyeji ni kwamba mnunuzi anaombwa atume fedha kwenye akaunti ya muuzaji kule kwao, na gari linaachwa kwa mlinzi wa kambi. Sielewi kwa nini watu wenye akili timamu, ambao hawawezi kununua ng'ombe mnadani bila kumfungua mdomo na kumhesabu meno, hukubali mpango huu. Fedha ikishaondoka, hakuna mahakama ya mwanzo itakayomfikia aliyeko Hamburg. Kama mnaelewana kweli, fedha zikae kwa wakili au benki, zitolewe siku forodha itakapotoa hati ya kuliachia gari na jina la mnunuzi kuingia kwenye mfumo wa usajili. Muuzaji mwaminifu hana sababu ya kukataa, isipokuwa ile tiketi ya Jumamosi.

Na yale yaliyotengenezwa hapa hapa

Si kila gari la kulala ni la mgeni. Miaka ya karibuni mafundi wa Unga Limited na wenzao wa Moshi wamekuwa wakigeuza Toyota HiAce zilizostaafu udaladala, au magari ya utalii yenye paa la kufunguka, kuwa vyumba vya kutembea. Wateja ni waongozaji wa utalii wanaojitegemea, wapiga picha, na familia chache za mjini zinazotaka kulala Serengeti bila kulipa lodge. Hapa hakuna suala la kibali cha muda. Ushuru ulilipwa zamani gari lilipotoka Japani. Tena kuna faida ya wazi: hifadhi zetu hutoza gari lenye namba za nje kiingilio kikubwa zaidi, kwa dola, kuliko lenye namba za Tanzania.

Ila karatasi nazo zina mambo yake. HiAce iliyokuwa daladala ina namba nyeupe za biashara, na kadi yake inasema ni gari la abiria lenye viti kadhaa. Ndani sasa kuna viti viwili na godoro. Mabadiliko ya matumizi, rangi, injini au bodi yanatakiwa yaingizwe kwenye kumbukumbu za usajili, na gari la binafsi linatakiwa liwe na namba za njano. Wengi hawafanyi hivyo. Polisi wa barabarani wanaweza kuliona au wasilione, lakini mtu wa bima ataliona siku ya ajali. Mwenye bima kubwa aliyekatia gari la abiria, kisha likaungua kwa moto wa jiko la gesi lisilotajwa popote kwenye fomu, ameipa kampuni sababu ya kutolipa. Kabla ya kununua, hakiki stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA na uangalie deni la faini za barabarani kwa namba ya gari. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa, zinajilimbikiza, na zinalifuata gari.

Kuna wauzaji wa hapa wanaolalamika kwamba wanunuzi hawathamini kazi iliyofanyika ndani. Nimewasikia hewani wakieleza gharama za mninga, za paneli, za betri, za friji iliyoagizwa Dubai. Wanajumlisha risiti zote na kutaka zirudi. Hazirudi. Mnunuzi wa gari la kulala ananunua chesisi na injini kwanza. Kitanda ni cha kwako, ulikitengeneza kwa urefu wako. Mwingine ana watoto wawili na ataking'oa wiki ya kwanza. Paneli, betri na friji vinaweza kuongeza bei kidogo kwa sababu vinaweza kuhamishwa. Mbao haziongezi, na zikiwa zimefungwa vibaya zinapunguza.

Zinapunguza kwa sababu ya kile kinachofichwa nyuma yake. Fundi yeyote mzoefu ataanza kwa kuomba ruhusa ya kufungua ubao mmoja. Atatafuta kutu pale bati lilipokatwa kuweka dirisha, maana bati lililokatwa bila kupakwa dawa huanza kuoza kwa ndani mvua za kwanza. Ataangalia kama nyaya za betri ya pili zina fyuzi karibu na betri, au kama zimeunganishwa kwa tepu tu. Ataangalia mtungi wa gesi umekaa wapi, kama sanduku lake lina tundu chini la kupitishia gesi inayovuja, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hukaa chini, usawa wa godoro. Kwa magari ya wageni kuna usumbufu wa ziada, kwamba vali ya mtungi wa Ulaya inaweza isiingiliane na mitungi inayouzwa hapa, hivyo mfumo wote utabadilishwa. Mwisho atalipandisha kwenye mzani. Maji lita 100 ni kilo 100, ongeza kabati, betri na watu, na springi za gari la vifurushi zimeshazidiwa kabla hujatoka lami.

Bei ya haki inapatikanaje

Kwa gari la mgeni, anza mwisho uje mwanzo. Ulizia gari la aina na mwaka huo, lenye namba za Tanzania, linauzwa shilingi ngapi. Toa kodi yote kwa mujibu wa kikokotoo. Toa wakala, usajili na matengenezo. Kinachobaki ndicho unachoweza kumpa muuzaji. Turudi kwenye mfano wetu: kama gari la kufanana nalo hapa linakwenda kwa milioni 35, ukitoa kodi ya milioni 21.3 inabaki milioni 13.7, na ukitoa springi, matairi na gharama za karatasi unakaribia milioni 10. Muuzaji anataka 20. Atakuona mchoyo. Mwonyeshe hesabu. Wengi wao hawajawahi kuiona, kwa sababu aliyewaambia wauze hapa alikuwa msafiri mwenzao kwenye moto wa kambi.

Watanzania wanaorudi nyumbani kutoka Ulaya au Marekani wana njia tofauti. Sheria ile ile ya forodha, katika Jedwali lake la Tano, inamruhusu mtu anayehamisha makazi yake kuja nchi mwanachama kuingiza gari moja bila ushuru, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa angalau miezi 12 kabla ya kuhama. Kwa aliyetengeneza vani yake kule Hamburg au Utrecht na sasa anarudi Usa River moja kwa moja, hiyo ni nafuu kubwa. Haimsaidii anayetaka kuja kuliuza. Akilitoa kwa mtu mwingine asiye na msamaha, ushuru uliosamehewa unaweza kudaiwa. Kwa hiyo ukiuziwa gari na ndugu aliyerudi mwaka jana, usiishie kuangalia namba za njano. Uliza liliingia kwa msamaha au kwa malipo, na uone nyaraka za forodha.

Msafiri ambaye hesabu imemkatalia bado ana chaguo. Anaweza kulitoa gari nje ya jumuiya na kuliuza kunakoruhusu. Anaweza kuzungumza na forodha kuhusu kulikabidhi kwao, jambo ambalo sheria inalitambua ingawa halimpi senti. Na anaweza kumuuzia msafiri mwenzake asiye mkazi, anayeelekea kusini au kaskazini, kwa kubadilisha umiliki kwenye usajili wa nchi gari lilikotoka na mnunuzi kuomba kibali kwa jina lake. Hii ndiyo biashara inayofanyika kwa utulivu zaidi kati ya zote, kwa sababu gari linaendelea na safari na hakuna anayekwepa ushuru. Inahitaji forodha ihusishwe mapema, na inahitaji muda kabla kibali cha kwanza hakijaisha. Ndugu zangu wenye hosteli na kambi, ambao ndio huombwa kuhifadhi funguo na kutafuta wateja, wangewasaidia wageni wao zaidi kwa kuwaeleza hili siku wanapofika kuliko kuwabandikia tangazo siku tatu kabla ya ndege.

Anayetaka kujua zaidi kuhusu gari fulani anaweza kwenda na nambari ya chesisi na nakala ya kibali kwenye ofisi ya forodha ya TRA hapa mjini au mpakani Namanga. Kuuliza hakulipiwi.